Maswali na Majibu: Msimu wa Matanga Katika Ghuba ya Msasani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam waliojiunga karibuni na klabu ya mashua za matanga, au wanaoishi na watu waliojiunga. Nimezijibu nikiwa na Ghuba ya Msasani machoni, kwa hiyo msomaji wa Tanga au Mombasa itambidi apime mwenyewe kwa maji ya kwao.

Mashindano ya wiki hii yameanza saa nane mchana, ya wiki ijayo yataanza saa nne asubuhi. Je, ratiba hupangwa kwa matakwa ya viongozi?

Hupangwa kwa mwezi wa angani, ndugu msomaji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu na siku chache zinazofuata, maji ya Dar es Salaam hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukupwa karibu saa nne asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia mita 3 na zaidi. Anayeshusha mashua saa nne ya siku hiyo ataiburuta juu ya mchanga na majani ya bahari kabla hajapata kina cha kuteremsha usukani, ilhali anayeanza saa nane hukuta maji yakijaa na ana muda wa kutosha wa kurudi. Juma moja baadaye, maji yakiwa mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, saa nne asubuhi ndiyo saa ya kujaa. Viongozi wanaweza kulaumiwa kwa mambo mengine, lakini si kwa hili.

Ninajifunza kuendesha mashua ndogo. Je, nianze wakati wa kusi au wa kaskazi?

Wengi hujibu kwamba kaskazi, upepo utokao kaskazini, ni mpole na kusi, utokao kusini, ni mkali, na kwa bahari ya wazi jibu hilo si baya. Ghuba yetu, hata hivyo, imefunguka upande wa kaskazini, na rasi ya Msasani inaikinga upande wa mashariki. Kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, hutufikia baada ya kupita juu ya nyumba na miti ya rasi, hivyo maji hubaki tulivu lakini upepo huja kwa vishindo, mara umekufa, mara umekulaza ubavu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari, huingia moja kwa moja mdomoni mwa ghuba; upepo wake ni sawasawa zaidi, ila alasiri huja na mawimbi. Mimi ningemwanzisha mwanafunzi asubuhi za kaskazi, kisha nimpeleke kwenye vishindo vya kusi akishajua kuinua mashua iliyopinduka, maana huko atapinduka. Miezi ya masika, upepo ukiwa haujatulia na mvua zikinyesha, ni ya kukarabati matanga.

Mwanangu ana miaka minane. Apewe mashua gani?

Apewe Optimist, kimashua cha mita 2.3 chenye tanga moja, kilichobuniwa Florida, Marekani, mwaka 1947 kwa ajili ya watoto. Mashindano yake ni ya wasiozidi miaka 15. Kwanza ajue kuogelea, na jaketi okozi alivae tangu nchi kavu.

Je, ni haki mtoto wa Optimist kushindana na mtu mzima wa Laser, mashua ya mtu mmoja? Na ngalawa yangu je?

Mashua za aina mbalimbali zikishindana pamoja, kila aina hupewa namba, na muda iliotumia hugawanywa kwa namba hiyo na kuzidishwa kwa 1,000. Tuchukulie Laser ina 1,100 na Optimist ina 1,640. Laser ikimaliza kwa dakika 55, itahesabiwa 50; Optimist ikifika dakika 25 baadaye, yaani kwa dakika 80, itahesabiwa chini ya 49, na mtoto ndiye mshindi. Namba hizo zinatokana na matokeo ya mbio nyingi za Uingereza, ambako ngalawa haijulikani, kwa hiyo klabu italazimika kukisia yako. Naona ni heri ngalawa zipewe mbio zao wenyewe siku hiyohiyo, kwani chombo chenye marengu, yaani mbao za ubavuni za kukizuia kisipinduke, hakigeuzi tanga kama Laser, na mvuvi aliyezaliwa Msasani hastahili kuitwa mgeni wa maonyesho kwenye maji yake.

Mashua mbili zinakutana zikibisha, yaani zikienda mshazari dhidi ya upepo. Nani ampishe mwenziwe?

Inayopokea upepo upande wa kushoto huipisha inayopokea upepo upande wa kulia.

Mume wangu ni mwanachama, mimi sipendi kulowa. Nifanye nini klabuni kila Jumapili?

Mama, wewe ndiye mtu wanayemtafuta. Mbio haziwezi kuanza bila mtu wa kushika saa na bendera: dakika 5 kabla, bendera ya aina ya mashua hupanda kwa mlio, dakika 4 kabla, hupanda ya pili, ikibaki dakika 1, ile ya pili hushuka, na ya kwanza inaposhuka, wameondoka. Kuna pia kuandika muda wa kila mashua inapofika, kuhesabu waliotoka na waliorudi, na kuwa na redio wakati boti ya uokoaji iko majini. Nimeona mashindano yakifanyika bila bingwa wa mwaka uliotangulia na hakuna aliyejali, lakini asubuhi moja mshika saa wetu aliugua, na watu ishirini wakakaa ufukweni wakibishana.

Tunataka kumaliza msimu kwa safari ya familia kwenda kisiwa cha Bongoyo. Tujihadhari na nini?

Bongoyo na kisiwa cha Mbudya ni hifadhi za bahari tangu 1975, hivyo wekeni akiba ya kiingilio, na nanga itiwe penye mchanga, si juu ya matumbawe. Msiiache mashua ufukweni maji yakiwa yamejaa siku ya bamvua, kwa sababu mtakapomaliza kula samaki itakuwa imekaa juu, nanyi mtasubiri hadi maji yajae tena alfajiri.