Maswali yenu kuhusu majonzi, ya kifo na yasiyo ya kifo

Nimefiwa na mume miezi minne iliyopita. Nimesoma kwamba majonzi yana hatua tano: kukataa kuamini, hasira, kubembeleza, huzuni nzito na kukubali. Mimi leo nina hasira, kesho nacheka na watoto, keshokutwa nalia usiku kucha. Nimekwama hatua gani?

Pole sana, dada. Hujakwama popote. Hatua hizo tano zilitolewa mwaka 1969 na daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Hakuwa akiwazungumzia wafiwa. Baadaye zikageuzwa ngazi ambayo kila mfiwa anadaiwa kuipanda kwa mpangilio, na asiyeipanda anadhani kasoro ni yake. Binafsi natamani zingepumzishwa.

Maelezo yanayofanana zaidi na barua yako yalitolewa mwaka 1999 na watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Walisema mfiwa huenda na kurudi. Kuna saa anaukabili msiba wenyewe: picha, kumbukumbu, machozi. Kuna saa anashughulika na maisha yaliyobadilika, pamoja na kujifunza kazi ambazo marehemu ndiye aliyekuwa akizifanya. Huko kwenda na kurudi ndiko kuomboleza kwenyewe, kwa hiyo kucheka na wanao si kumsaliti baba yao. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama ungeganda upande mmoja: kulia tu bila kupumua, au kujitwisha kazi asubuhi hadi usiku ili usipate nafasi ya kulia.

Mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki 11. Kila mtu ananiambia "utapata mwingine". Naona aibu kuendelea kuhuzunika.

Wengi wanaosema hivyo wana nia njema, na bado wanakosea. Mimba nyingine ikija atakuwa mtoto mwingine, si huyu. Mwaka 1989 mtaalamu Kenneth Doka aliandika kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui. Humo wamo waliopoteza mimba, waliofiwa na mtalaka wao, waliofiwa na mpenzi ambaye hakuna aliyemjua, hata waliopoteza mnyama waliyeishi naye miaka mingi. Hakuna anayebisha hodi kukupa pole, hakuna anayekupa ruhusa kazini, na unabaki kuhuzunika kama mwizi.

Ukienda kwa mnasihi, yaani mshauri aliyesomea kuwasikiliza na kuwasaidia watu wenye mizigo ya moyoni, hutatakiwa kuthibitisha kwamba msiba wako ni mkubwa vya kutosha. Unaweza kumpa mtoto jina, kumwandikia barua, kueleza siku ile ilivyokuwa. Na kama unajilaumu, jua kwamba mimba nyingi zinazoharibika mapema husababishwa na hitilafu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) zinazotokea kwa bahati tu, si kwa kazi uliyofanya wala hasira uliyokuwa nayo. Muulize na mwenzako hali yake, mara nyingi wanaume huulizwa "mama anaendeleaje?" na swali linaishia hapo.

Kaka yetu alipotea miaka sita iliyopita. Mama hataki vitu vyake viguswe. Tumshawishi akubali kwamba amekufa?

Msimlazimishe. Ninyi wenyewe hamna uhakika, mnataka yeye aupate wapi? Mmarekani Pauline Boss alianza katika miaka ya 1970 kuzichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, akaona kwamba kinachowatesa ni kukosa jibu: hakuna mwili, hakuna habari, na hakuna mahali pa kuanzia kuomboleza. Familia zenye mzee aliyepoteza kumbukumbu hupitia jambo la karibu na hilo, mwili upo na mwenyewe hayupo.

Mnasihi mzuri atamsaidia mama kubeba mambo mawili kwa pamoja: huenda mwanangu yu hai, huenda hayupo tena, na mimi bado nina maisha ya kuishi. Ndugu nanyi si lazima muamini kitu kimoja. Kinachovunja familia ni kila mmoja kumtaka mwenzake aamini kama yeye.

Nimeachishwa kazi baada ya miaka 22. Je, mtu kama mimi naye huenda kwa mnasihi?

Ndiyo. Umepoteza mshahara, lakini pia ratiba, wenzako na jibu la swali "wewe ni nani?" Ila shughulikia na suala la kipato sambamba, kuzungumza peke yake hakulipi madeni.

Babu alifariki, tukamwambia mtoto wetu wa miaka mitano kwamba amesafiri. Sasa anauliza kila siku atarudi lini.

Mwambieni ukweli: babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Neno "kufa" lisiogopwe. Mtoto aliyeambiwa "amelala" anaweza kuogopa kulala, na aliyeambiwa "amesafiri" anaweza kulia kila mzazi anaposhika begi. Katika umri huo wengi hawajaelewa kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo ataendelea kuuliza. Jibuni vilevile kila mara. Akicheza dakika tano baada ya kulia, mwacheni acheze.

Ni mwaka na nusu tangu mama afariki. Sifanyi kazi, sionani na watu, namwaza yeye tu. Nitajuaje kama nahitaji msaada?

Kwa hayo uliyoandika, unauhitaji. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022: hamu au mawazo ya marehemu yanayomtawala mtu kwa zaidi ya miezi sita, kupita kawaida ya jamii yake, hadi maisha yakwame. Si udhaifu, wala si sawasawa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), ingawa viwili hivyo vinaweza kuja pamoja. Yapo matibabu ya mazungumzo yaliyotengenezwa mahsusi kwa hali hii; moja ya yaliyofanyiwa utafiti wa kina huchukua vikao 16 hivi.

Ukijiwa na mawazo ya kujiua au kumfuata mama, usisubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo, na mwende pamoja kituo cha afya.

Unapomtafuta mnasihi, muulize amesomea wapi, amewahi kushughulika na wafiwa, na siri zako atazitunza vipi. Ukihudhuria mara mbili tatu ukaona hamuelewani, tafuta mwingine; wanasihi wamezoea, na hatachukulia kuwa umemvunjia heshima.