Jibu: Nimebadilisha nenosiri la Wi-Fi, simu nisizozijua bado zinarudi

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, ofisini kwako umebadilisha nenosiri zaidi ya mara moja, lakini simu ngeni zinarudi kwenye orodha na bando linakata kabla ya mwezi kuisha.

Usibadilishe tena kabla hujaangalia WPS, yaani njia ya kuunganisha simu kwenye ruta kwa PIN bila kuandika nenosiri. Andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari (mara nyingi anwani iko kwenye stika chini ya ruta), itafute hiyo WPS, izime. PIN yake ina tarakimu 8, ila ruta huikagua vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, kwa hiyo mdukuzi anabaki na majaribio kama 11,000 badala ya milioni 100. Programu inamfanyia kazi hiyo yeye akinywa chai. Udhaifu huu unajulikana tangu 2011, na bado nakutana na ruta ambazo WPS imewashwa!

Halafu badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Likiwa bado admin/admin (jina na nenosiri la kiwandani), yeyote aliye ndani ya mtandao anaweza kuiwasha WPS tena.

Vijana wako wa ofisini nao usiwasahau. Kuanzia Android 10, mtu anashea Wi-Fi kwa QR bila hata kulikumbuka nenosiri. Wateja wafungulie mtandao wa wageni, wenye nenosiri lake, ule wa ofisi uweke ulinzi (usimbaji) wa WPA3 au WPA2 yenye AES. Kuficha jina la mtandao usihangaike nako, halimzuii mtu anayejua anachofanya.

Menyu za ruta hutofautiana, ukikwama weka modeli yako hapa.