Nyaya za meno: maumivu ni matatu, na kila moja lina dawa yake

Swali la wiki liliuliza: "Aliyefungwa nyaya za meno afanye nini maumivu yasimshinde, hasa kama dawa anameza lakini mdomo bado unauma?" Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Kidonge kinatuliza aina moja tu ya maumivu, na nyaya huleta aina tatu: jino linalosukumwa, nyama ya mdomo inayokwaruzwa, na ufizi uliovimba kwa uchafu. Anayetibu la pili kwa dawa ya la kwanza ataumia mwezi mzima bila sababu.

Tuanze na jino lenyewe. Mzizi wake haukugandishwa kwenye mfupa. Umeshikwa na nyuzi nyembamba zenye mishipa ya damu na neva. Waya unaposukuma, nyuzi za upande mmoja hubanwa, damu hupungua, na mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoamsha maumivu, na hizo hizo huchangia kuita seli zinazomung'unya mfupa ili jino lipate njia. Ndiyo maana mtu hutoka kliniki akijisikia vizuri, kisha saa chache baadaye meno yanaanza kuwaka moto. Kilele huwa kama saa 24 baada ya kufungwa au kukazwa. Siku ya tatu hali huanza kulegea, na kufikia siku ya saba wengi wamesahau. Jino kucheza kidogo katika kipindi hiki ni kawaida.

Kwa kuwa saa ya maumivu inajulikana, usingoje yafike. Dozi ya kwanza imezwe saa moja hivi kabla ya kwenda kukazwa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, akiachia saa 6 kabla ya dozi nyingine. Isizidi gramu 4 kwa saa 24, ukihesabu pia parasetamoli iliyomo kwenye dawa za mafua. Mtoto hupimiwa kwa umri au uzito kama karatasi ya dawa inavyosema, na asipewe aspirini. Ibuprofeni nayo inafanya kazi vizuri, miligramu 400 baada ya kula, si zaidi ya mara tatu kwa siku, ila si kwa mjamzito wala mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Tena huzuia prostaglandini zile zile zinazosaidia jino kusogea. Siku moja au mbili si tatizo. Kuimeza kila siku kwa wiki kadhaa ndiko kusikofaa. Na tafadhali, msiweke kidonge chochote juu ya ufizi. Aspirini hasa huunguza nyama mpaka inakuwa nyeupe.

Baridi inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Waya wa mwanzo wa matibabu kwa kawaida ni mchanganyiko wa nikeli na titani, na aina nyingi za waya huo hulainika zikipoa na kukakamaa zikipata joto. Funda la maji baridi likikaa mdomoni hupunguza nguvu ya waya kwa muda, na kinywaji cha moto hufanya kinyume chake. Barafu isitafunwe, inang'oa brekiti, yaani vile vipande vidogo vilivyobandikwa kwenye meno kushikilia waya.

Kutafuna nako kuna faida. Chingamu isiyo na sukari, dakika kumi hivi, hurudisha damu kwenye nyuzi zilizobanwa na huwapunguzia wengi maumivu. Muulize kwanza daktari wako, kwani wapo wanaoikataza. Usipoweza kutafuna kabisa, kula laini siku tatu za mwanzo, vipande vidogo, kwa magego badala ya meno ya mbele.

Jambo moja linawatesa watu bure: mipira ya kuunganisha taya la juu na la chini. Ukiivaa leo, ukaivua kesho kwa sababu inauma, kesho kutwa mwili unaanza upya. Ivae saa zote ulizoelekezwa, na maumivu yake kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache.

Sasa mkwaruzo. Hapa kidonge hakina kazi, nta ndiyo yenye kazi, ile nta laini ya meno ya kufunika brekiti zisikwaruze. Wengi hulalamika kwamba nta haishiki, na sababu karibu kila mara ni mate. Piga mswaki, kausha brekiti kwa tishu, chukua kipande kama punje ya njegere, kifinyange kwa vidole mpaka kilainike, kisha kibandike kifunike kona zote na ukibonyeze. Kitoe kabla ya kula na kupiga mswaki, weka kipya. Ukimeza kipande kidogo, hakina madhara. Kidonda kilichokwisha kutokea kisukutue kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, nusu dakika, mara tatu au nne kwa siku. Kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili.

Ncha ya waya ikianza kuchoma shavu kule nyuma, mara nyingi ni dalili kwamba meno yanajongeleana na waya umebaki mrefu, au umeteleza upande mmoja. Ncha nyembamba irudishwe taratibu kwa kifutio safi cha penseli, kisha nta. Usiukate waya mwenyewe kama kliniki inafikika. Kipande kikiruka kinaweza kumezwa au kuvutwa na pumzi.

Ufizi mwekundu unaovuja damu ni habari nyingine: unahitaji mswaki laini, juu na chini ya kila brekiti, na mswaki mdogo wa kupita chini ya waya. Anayeacha kupiga mswaki kwa kuogopa maumivu anaongeza maumivu.

Piga simu kliniki bila kungoja miadi kama jino moja linapwita usiku au linauma kwa moto, maumivu yanapanda baada ya siku ya saba badala ya kushuka, au midomo inawasha na kuvimba, maana wapo wanaodhurika na nikeli. Uvimbe wa uso wenye homa, au shida ya kumeza au kupumua, ni wa kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukipiga simu, taja ni jino gani, limeanza lini, na kama brekiti bado imeshika. Kwa hayo matatu watajua kama uje leo au nta inatosha.