Ukiandika "TMA wamesema", malizia sentensi

Nasimamia group la WhatsApp la watu wa Tanga, kuna wavuvi wa mwalo wa Deep Sea na wa kule Jasini mpakani na Kenya, wakulima wa Lushoto na Muheza, bodaboda, mama lishe, na wengine wapo tu wanataka kujua kesho waanike mahindi au wasianike. Karibu kila msimu wa mvua inaingia message kama hii: "TMA wamesema mvua kubwa inakuja jamani tujiandae". Basi, imeishia hapo. Wapi? Lini? Hajasema, na watu wanaamini papo hapo kwa sababu jina la TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, limetajwa.

Jina hilo lina uzito jamani. Mtu akisikia TMA wamesema anaacha kwenda baharini, yaani anaacha riziki ya siku nzima, au anawahi kupanda mbegu alizonunua kwa mkopo. Kwa hiyo ukilitumia kwenye sentensi yako litumie kwa haki.

Cha kwanza useme ni taarifa gani, maana TMA hawatoi kitu kimoja. Kuna utabiri wa saa 24, ule unaoanzia saa tatu usiku tunaousikia baada ya taarifa ya habari, kuna taarifa ya hali mbaya ya hewa ya siku tano, kuna na utabiri wa msimu mzima. Sasa mtu anachukua wa msimu unaosema mvua za Vuli zitakuwa chini ya wastani, anaandika "TMA wamesema hakuna mvua", halafu wiki hiyohiyo inapiga mvua moja kubwa barabara zinajaa maji na TMA wanatukanwa kutwa nzima. Chini ya wastani ni hesabu ya msimu wote kuanzia Oktoba mpaka Desemba, haizuii siku moja kunyesha vibaya. Na kuna wanaomforwadia ndugu yake aliye Mbeya au Tabora utabiri wa Vuli wakati kule hawana Vuli wala Masika, wao wana Msimu, mvua zao zinaanza karibu na Novemba zinakwenda moja kwa moja hadi Aprili. Sentensi ni ya kweli kabisa ila imefika kwa mtu asiyehusika.

Kwa wavuvi ndio naomba tuwe makini zaidi. TMA wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, na kwenye ramani yao zina rangi, njano, chungwa, nyekundu. Kwenye group yote yanaandikwa "TMA wametoa tahadhari". Hapana. Kipindi cha upepo wa kusi angalizo la upepo na mawimbi linatoka mara kwa mara, ukiliita tahadhari kila likitoka basi siku ikija tahadhari kubwa yenyewe huna neno lililobaki na nahodha ameshazoea kupuuza. Halafu fungua ile taarifa uisome mpaka chini, kuna mistari miwili watu wanairuka kila siku: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Mara nyingi pameandikwa wastani. Hiyo mistari ndio imebeba maana yote, TMA wanakwambia hatujasema lazima itokee, na ikitokea athari zake ni za kiasi hiki. Ukiifuta umewasemesha TMA kitu ambacho hawajasema.

Mimi sentensi ninayopenda kuiona ni kama hii: "TMA wametoa angalizo la upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ukanda wa pwani Tanga mpaka Mtwara, leo na kesho, uwezekano wastani, athari wastani." Ni mstari mmoja tu, haujazi simu ya mtu, na hata nahodha akisomewa na mtoto wake anaelewa achukue hatua gani.

Mnakumbuka Jobo, Aprili 2021. Kimbunga kilikuwa kinakuja pwani yetu, TMA wakatoa taarifa, kikapungua nguvu kabla ya kufika, watu wakasema TMA waongo. Mei 2024 akaja Hidaya, taarifa zikatoka vilevile, tarehe 4 kikaingia Mafia na barabara ya Lindi ikakatika kule Somanga. Hivi waliobaki na "TMA waongo" kichwani tangu Jobo waliisikiliza vipi ile ya pili? Hili linaniuma kweli. Taarifa za vimbunga zinatolewa upya kadiri kimbunga kinavyobadilika, kwa hiyo sentensi yoyote ya kimbunga isiyo na tarehe na saa ni hatari, weka saa ya taarifa kabla hata ya jina.

TMA wamesema, TMA imesema, yote sawa tu tusipoteze muda hapo. Ila ukiona message imeandikwa "Wakala wa Hali ya Hewa" simama kwanza uangalie tarehe, maana tangu 2019 ni Mamlaka, inawezekana unazungusha kitu cha miaka ya nyuma. Na sisi wa mpakani tusiandike "watu wa hali ya hewa wamesema", wenzetu wa Vanga upande wa Kenya wanafuata Kenya Met na sisi tunafuata TMA, bahari ni moja lakini taarifa zinatoka ofisi mbili, taja ni nani.

Lingine, apu ya hali ya hewa iliyokuja na simu yako sio TMA. Ikikuonyesha kawingu kenye matone saa kumi andika "simu yangu inaonyesha mvua", inatosha. Hivyohivyo kwa wazee wetu wanaosoma upepo na mawingu, na wengi wanajua kweli, mimi mwenyewe nawasikiliza sana, ila mzee akisema kaskazi imeanza kulegea andika mzee fulani kasema. Usimvalishe jina la TMA ili aaminike, na usichanganye ushauri wako humohumo. Anza na TMA walichosema, weka nukta, ndio uandike mimi ngalawa yangu siishushi kesho.

Na taarifa mpya ikitoka rudi kwenye message ile ya zamani uijibu palepale, andika "hii imepitwa, TMA wametoa nyingine saa kumi jioni", maana kuna mtu anawasha data usiku tu na anaanza kusoma kuanzia juu.