Kabla ya kusaini mkataba wa mauzo, uliza kamisheni inahesabiwaje

Vijana wanaopata nafasi ya mauzo kwenye kampuni kubwa za vyakula huniuliza watajuaje kama kampuni ina maadili. Wengi wao wameshapitia tovuti yake, wamesoma ukurasa wa sera na kutazama picha za wakulima wanaocheka. Nawaambia waanze na swali jingine: kamisheni yangu itahesabiwaje? Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mauzo ya vyakula vya makopo na pakiti, nimesimamia timu zinazozunguka madukani, na sijakutana na karatasi inayoeleza tabia ya kampuni vizuri kuliko ile ya malengo ya mwezi.

Chukua historia ya Nestlé. Kampuni hiyo ya Uswisi ilikulia kwenye unga wa maziwa na nafaka ambao Henri Nestlé aliutengeneza mjini Vevey na kuanza kuuuza mwaka 1867, kwa watoto walioshindwa kunyonya. Bidhaa ilikuwa na kazi yake. Hata leo, mtoto aliyefiwa na mama anahitaji kitu cha kumlisha, na mimi siwezi kuungana na wanaosema maziwa ya kopo ni sumu.

Shida ilianzia kwenye mbinu za soko. Uzazi ulipopungua Ulaya na Marekani miaka ya 1960, kampuni za maziwa ya watoto ziliongeza nguvu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Ziliajiri wanawake waliovaa sare zinazofanana na za wauguzi, wakaingia wodi za wazazi na majumbani kushauri akina mama na kuwaachia makopo ya bure. Baadhi yao walilipwa kulingana na mauzo. Fikiria mzazi wa siku mbili, amechoka, mtoto analia, na mbele yake amesimama mtu mwenye gauni jeupe. Atajuaje kwamba huyu anatafuta kutimiza lengo la mwezi?

Kopo la bure ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi. Matiti hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akizoea chupa siku za mwanzo, ananyonya kidogo na maziwa ya mama yanapungua. Kopo la bure linapokwisha, yule mama hana njia ila kununua la pili, na bei yake inakula sehemu kubwa ya kipato cha nyumba. Anaanza kulivuta ili lifike mwisho wa mwezi: vijiko vinapungua, maji yanaongezeka, tena maji ya kisima yasiyochemka vizuri. Mtoto anakonda na kuharisha.

Mwaka 1974 shirika la Uingereza la War on Want lilichapisha ripoti kuhusu jambo hili. Kikundi cha Uswisi kiliitoa kwa Kijerumani kwa kichwa kinachosema Nestlé inaua watoto, na kampuni ikakishtaki. Ilishinda mwaka 1976 mjini Bern, washtakiwa wakatozwa faini ya faranga 300 kila mmoja, lakini jaji aliitaka kampuni iyaangalie upya matangazo yake. Mwaka uliofuata wanaharakati wa Minneapolis, Marekani, walianzisha mgomo wa kutonunua bidhaa zake. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala wa maziwa ya mama kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga. Nestlé ilikubali kuzifuata na mgomo ukasitishwa mwaka 1984, kisha ukarudi 1988 kwa sababu ya makopo ya bure hospitalini.

Ukipata nafasi, isome ibara ya 8 ya kanuni hizo. Inasema kiasi cha mauzo ya bidhaa hizi kisiingizwe kwenye hesabu ya bonasi za watu wa mauzo, wala wasiwekewe malengo ya kuziuza. Inasema pia mtu wa masoko asifanye kazi ya kuwaelimisha wajawazito na akina mama. Bonasi za bidhaa nyingine za kampuni haijazigusa. Walioiandika walijua kwamba ukimlipa mtu kwa kila kopo, hakuna semina ya maadili itakayomzuia kulisukuma hilo kopo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012 juu ya jambo hili, na Tanzania ina kanuni zake.

Huku kwetu mitaani nimeona mambo ambayo ofisi za Ulaya haziyaoni kwenye ripoti. Kuna wenye maduka uswahilini wanaofungua kopo la maziwa ya mtoto na kuyapima kwa kijiko kwenye vifuko, kwa sababu mteja ana hela ya siku moja tu. Maelekezo yanabaki dukani, kile kijiko maalumu kinabaki ndani ya kopo. Kampuni ikikulipa kwa katoni zilizotoka ghalani, hili halikuhusu. Ndiyo maana nawaambia vijana ninaowafundisha: fuata bidhaa mpaka jikoni. Muulize mama anaichanganya na nini, kwa kiasi gani, nani anakula. Kisha andika, na upeleke kwa mkuu wako kwa maandishi.

Ukienda kwa mkuu wako, usiende na hotuba. Nenda na hesabu. Katoni zinazosukumwa kwa wauza jumla wa Kariakoo tarehe 29 ili lengo litimie mara nyingi hurudi zimekaribia kuisha muda, au zinauzwa kwa bei ya kutupa vijijini. Onyesha gharama ya mizigo iliyorudi, pendekeza kamisheni ipimwe kwa bidhaa zilizonunuliwa rafuni zikiwa na muda wa kutosha. Nimeona wakuu wagumu wakisikiliza hoja ya namna hiyo.

Jambo la pili, usikubali jibu la "sheria inaruhusu" kama ndilo la mwisho. Aprili 2024 Public Eye, shirika la Uswisi linalochunguza kampuni, na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaotetea unyonyeshaji, yalitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba Cerelac nyingi, yaani uji wa watoto wa Nestlé, zinazouzwa kwenye nchi zenye kipato kidogo zimeongezwa sukari, wakati Uswisi kampuni hiyohiyo inauza uji wa watoto wa umri uleule usio na sukari ya kuongezwa. Nestlé ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi. Binafsi naona jibu hilo halitoshi, maana mtoto wa miezi sita wa Dakar na wa Zurich wana meno na matumbo ya namna moja.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, omba orodha ya bidhaa utakazouza, uinunue mojawapo na kusoma viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Kama ni chakula cha mtoto na sukari iko juu kwenye orodha, waulize kwa nini, tena waulize kabla hujasaini, wakati bado wanakuhitaji.