Kabla hujanunua mashine ya kuchapa vikombe, uliza vitaoshwa na nani

Oda yangu ya kwanza ya maana ilikuwa vikombe 60 vya kwaya moja hapa Moshi. Nilikata maandishi yao kwenye stika za vinili, nikakesha nabandika kimoja kimoja, asubuhi vikawa vinang'aa mezani. Wiki tano hivi baadaye mweka hazina wao akaingia dukani na kikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu tazama mwenyewe."

Neno KWAYA lilikuwa limebaki WAYA. Na kweli waya ndio ulioila ile K: stiliwaya, ya kusugulia masufuria. Nilirudisha pesa zote.

Ukisoma mtandaoni utakuta vikombe vinasifiwa kwamba vinavumilia mashine ya kuoshea vyombo. Mashine hiyo wangapi wanayo hapa? Kwetu kikombe kinaoshewa kwenye beseni moja na sufuria ya ugali, kwa sabuni ya unga na stiliwaya, na anayekiosha hana habari na nembo yako. Siku hizi nikipokea oda, kabla ya kuuliza rangi nauliza kikombe kinakwenda wapi.

Kazi nyingi nafanya kwa sablimesheni. Unachapa picha kwenye karatasi maalumu kwa wino maalumu, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, unaizungushia kikombe na kukibana kwenye mashine ya joto. Wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya utando wa plastiki uliopakwa juu ya kikombe. Ukipitisha kidole husikii kitu, wala hakuna ukingo wa kubanduka. Stiliwaya ikisuguliwa kwa hasira miezi na miezi itachubua ule utando, lakini si rahisi kama stika. Printa yangu ni Epson, kwa sababu inasukuma wino bila kuupasha moto. Ukishaitia wino huo, usiitegemee tena kwa barua za ofisi: kwenye karatasi rangi zinatoka zimepauka, hadi zipate joto ndipo zinaamka.

Kosa langu la pili lilikuwa hapo hapo kwenye utando. Niliona vikombe vyeupe vya bei nafuu sokoni, nikabeba katoni nzima. Picha zikatoka hafifu, zikafutika kwa maji na sabuni. Vilikuwa vikombe vya kawaida, havina utando, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kila katoni mpya nachapa kimoja kwanza.

Mashine yangu ya joto naiweka nyuzi 180 kwa sekunde 180. Yako inaweza kutaka vingine, ijaribu. Asubuhi za Julai vikombe vyenyewe vinakuwa baridi kama jiwe la mtoni, kwa hiyo naongeza sekunde. Masika karatasi hunyonya unyevu na picha ikatoka na mabaka, ndiyo maana zangu zinakaa kwenye mfuko uliofungwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifungue kuchungulia. Karatasi ikisogea kidogo tu, bwana harusi anapata vichwa viwili.

Halafu kuna suala la theluji. Wateja wa utalii wote wanataka Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kwenye kikombe, na sablimesheni haina wino mweupe. Ile theluji unayoiona ni weupe wa kikombe chenyewe, mahali ambapo hukuchapa kitu. Kwenye kikombe cha rangi ya krimu theluji inakuwa krimu, na kwenye cheusi hakuna mlima kabisa. Mteja aking'ang'ania cheusi, mpe njia nyingine, usimpe matumaini.

Njia hiyo ni uchapaji wa UV: wino unakaushwa papo hapo kwa mwanga, na mweupe upo. Mimi sina mashine hiyo, napeleka kazi kwa mwenzangu Arusha. Inapendeza, ila wino unakaa juu, unausikia kwa kidole, na stiliwaya nayo inausikia. Naishauri kwa kikombe cha zawadi kitakachoishia mezani ofisini kikishika kalamu. Kwa vikombe vya chuma vilivyopakwa rangi nachagua leza. Inaondoa rangi hadi chuma kionekane, kwa hiyo hakuna cha kubanduka.

Hoteli au mgahawa ni habari nyingine. Vikombe vyao vinaoshwa kutwa mara kadhaa, na hapo naogopa hata sablimesheni. Kinachodumu ni nembo ya rangi za kauri iliyochomwa kwenye tanuri, kwa joto la kama nyuzi 800, ikashikana na ule mng'ao wa kikombe. Hiyo ni kazi ya kiwanda. Uchapaji wa skrini, yaani kupitisha rangi kwenye kitambaa cha wavu, nao kila rangi inataka skrini yake, kwa hiyo kwa vikombe 20 utamkamua mteja bure, lakini kwa elfu moja bei inashuka vizuri.

Vinili sijaitupa. Jina la mtoto kwa ajili ya sherehe ya kipaimara, kesho yake kikombe kinapanda kabatini kwenye vioo, inatosha kabisa.

Kikombe changu cha majaribio nilimpelekea mama nyumbani bila kumwambia ni cha nini. Amekinywea chai ya maziwa (kahawa tunailima, kunywa ni mambo mengine) na kukisugua miezi minane. Juzi nimekikuta kwenye kichanja cha vyombo: Kibo ipo na theluji yake, mkono ndio umekatika.