Usiulize jina la nyanya kwa wekundu wake

Kila kiangazi hawakosekani vijana wawili watatu wanaofika shambani kwangu Hombolo, Dodoma, kila mmoja na nyanya mkononi. Swali lao ni lile lile: "Mama, hii nyekundu namna hii ni mbegu gani? Nataka nipande kama hii." Wengine hutuma picha tu. Nawaelewa, maana nami nilianza hivyo. Lakini jibu langu halibadiliki: kwa wekundu peke yake siwezi kukutajia jina, na anayekutajia kwa kutazama picha anabahatisha.

Nenda soko la Majengo au Sabasaba alfajiri, matenga yanaposhushwa. Tanya, Cal J, Roma, Tengeru 97, Moneymaker, chotara kama Anna F1 na Assila F1, zote zikiiva ni nyekundu. Zimwage kwenye turubai moja, utazitenganisha kwa umbo, kwa ganda na kwa zilivyo ndani. Roma na Cal J ni ndefu-ndefu, nyama nene. Ukikata kwa upana unakuta vyumba viwili au vitatu vya mbegu na maji kidogo. Moneymaker ni ya mviringo, ganda jembamba, mche wake haukomi kurefuka kwa hiyo lazima uufungie vijiti, na safari ndefu ndani ya tenga haiipendi. Anza na hayo kabla hujafika kwenye rangi.

Rangi nayo ina kazi yake, ila ina tabaka mbili, na wageni wengi hutazama moja. Fanya jaribio hili jikoni. Chukua nyanya iliyoiva vizuri, imwagie maji ya moto, subiri dakika moja, kisha menya ganda taratibu lisichanike. Lioshe, litandaze juu ya karatasi nyeupe, usogee dirishani. Ganda la nyanya nyekundu ya kawaida utaliona ni la manjano, kama karatasi iliyopakwa mafuta. Siku moja utamenya nyanya iliyokuwa inaonekana ya waridi sokoni, na ganda lake utalikuta halina rangi yoyote, unasoma maandishi yaliyo chini yake. Nyama za nyanya hizo mbili ni nyekundu sawa. Manjano ya ganda juu ya nyama nyekundu ndiyo yanayotupa ule wekundu wa moto tuliouzoea. Ganda lisilo na rangi linatuachia waridi. Hiyo ni tofauti ya kweli ya mbegu, inarithiwa, wala haibadiliki kwa mbolea. Ukikuta tenga lenye nyekundu na waridi pamoja, zote zimeiva barabara, ujue mbegu zimechanganyika.

Nyanya za manjano ni habari nyingine: nyama yenyewe imekosa laikopini, ile rangi nyekundu. Zile za hudhurungi zinazoitwa nyeusi hazipotezi ukijani wake wote zinapoiva, nao unachanganyika na wekundu. Hapa kwetu hazina soko kubwa, kwa hiyo sitakaa nazo.

Nataka tukae kwenye joto, kwa sababu ndilo linalowadanganya wakulima wa Dodoma kuliko kitu kingine. Laikopini hutengenezwa vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 24. Likipita 30 inakwama, huku karotini, ile rangi ya chungwa, inaendelea kama kawaida. Sasa fikiria Oktoba na Novemba zetu, jua la saa nane mchana, mche umeshapoteza majani kwa kantangaze, yule mdudu anayeyashambulia, tunda limekaa wazi. Tanya ile ile uliyoivuna Julai ikiwa nyekundu safi, Novemba inatoka ya chungwa. Mwaka mmoja mnunuzi alikataa matenga yangu, akasema nimembadilishia mbegu. Nilimwonesha pakiti, hakuniamini. Nilichofanya tangu siku ile ni kuvuna mapema zaidi miezi ya joto, tunda likishaanza kubadilika kitakoni, na kuziivishia kivulini, kwenye kibanda kinachopitisha hewa. Wekundu unarudi. Na majani sipunguzi ovyo. Hapa kwetu jani ni mwavuli wa tunda.

Lakini usivune mapema hata ukazidisha. Chagua moja ya kijani, ikate katikati kwa kisu kikali. Kisu kikikata mbegu, bado changa, hiyo hata ikipata rangi haitakuwa na ladha. Mbegu zikiteleza pembeni ndani ya ute, imekomaa.

Mabega nayo yanasumbua. Kuna aina ambazo tunda bichi lina mabega ya kijani kilichokolea na chini kijani cha mwanga. Nyingine ni za kijani kimoja toka juu hadi chini. Hiyo ni alama nzuri ya kutofautisha mbegu, na wengi wanaikosa kwa sababu wanangoja tunda liive ndipo waanze kuliangalia. Pita shambani wiki mbili tatu kabla ya mavuno, tazama mabega. Ila yakibaki ya manjano na magumu baada ya tunda kuiva, usiitafute mbegu: hapo ni jua kali au upungufu wa potasiamu. Baka jeupe upande mmoja tu, ule unaotazama jua, ni kuungua.

Sokoni, kabla hujasema neno kuhusu rangi, angalia juu. Mwavuli mwekundu unazifanya nyanya ambazo hazijaiva zionekane zimeiva, na turubai la bluu linazifanya nzuri zionekane kama masalo, zile hafifu zilizobaki. Mimi huitoa nje kwenye mwanga wa wazi, nikaifuta vumbi, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai.

Kosa lililoniuma zaidi nililifanya msimu wangu wa pili. Nilinunua nyanya sokoni, nyekundu, ngumu, zimelingana kama mayai, nikakamua mbegu, nikakausha, nikasia kitaluni, nikahamishia nusu ekari. Zilipozaa nililia. Mche huu ndefu, ule mviringo, mwingine mabega ya kijani, mwingine vijitunda vidogo, na kuiva hakukuenda pamoja. Zilikuwa chotara. F1 maana yake ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti. Ukipanda mbegu zake, sifa za mababu zinatawanyika. Tanya, Cal J au Tengeru 97 unaweza kujitunzia mbegu na ikazaa kama mama yake, mradi umechagua miche yenye afya. Chotara hununuliwa upya kila msimu, na kwa macho hakuna rangi itakayokwambia hii ni F1.

Kwa hiyo jina tunalipata kwenye pakiti, yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na tarehe, siyo kwenye tunda. Pakiti tupu usitupe. Ibane kwenye daftari, andika siku uliyosia na tuta ulilopanda, na kila tuta lipate kibao chake siku ile ile, maana miche ya nyanya ikiwa na majani manne hakuna binadamu anayeitofautisha. Matunda yakija, andika pembeni: mabega yakoje, ganda lina rangi gani ukilimenya, vyumba vingapi, mwezi gani yameiva. Ukija Hombolo, njoo na daftari hilo pamoja na nyanya yako.